Nasaba ya Mama Katika Farasi wa Kiarabu

Wasikilizaji wangu, huku kwetu Tanzania wako watu, kama Waluguru na Wamakonde, ambao tangu kale waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa kiume ni wa ukoo wa mama yake, lakini watoto atakaowazaa yeye ni wa ukoo wa mkewe. Basi katika desturi ya namna hiyo, mama akizaa wana saba wa kiume bila binti hata mmoja, mlango wake utafungwa, ajapokuwa na wajukuu wengi. Likumbukeni jambo hilo, maana ndilo litakalotufungulia habari ya leo, nayo ni habari ya farasi wa Kiarabu.

Mabedui wa Bara Arabu waliwapenda farasi wao majike kuliko madume. Jike ndiye aliyepandwa vitani, kwa kuwa hutulia na halii ovyo usiku akawashtua adui. Nao waliihesabu asili ya kila farasi kwa mama yake, na mama wa mama yake, hata kufika kwa bibi wa kale kabisa. Koo mashuhuri walizitaja kuwa tano, na majina yake yaliyozoelewa ni Kuhailan, Saklawi, Ubayan, Hamdani na Hadban. Na kila ukoo una matawi yake. Farasi akiwa na baba Hamdani na mama Saklawi, yeye ni Saklawi.

Hata walipomuuza jike mwema, mara nyingi hawakumwachia mnunuzi yote. Muuzaji alijiwekea haki ya kurudishiwa mtoto jike wa kwanza, au wawili wa kwanza. Hivyo mama alikwenda kwa watu wengine, lakini uzazi wake ulibaki hemani.

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Farasi dume mmoja aweza kuzalisha majike mengi katika mwaka mmoja. Lakini jike huchukua mimba miezi 11 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Huyo mmoja akiwa dume, nasaba ya mama haikuongezeka. Kwa hiyo nasaba yaweza kufa kimya kimya, huku watu wakiyasifu madume yake na kuwauza wajukuu wake kwa bei kubwa.

Mfano mmoja utatosha. Abbas Pasha aliyetawala Misri tangu 1848 hata 1854 alikuwa na tamaa kuu ya farasi hawa. Aliwatuma watu kwa Mabedui kununua farasi bora, na kuwauliza wazee asili ya kila ukoo. Majibu yao yakaandikwa kitabuni. Miongoni mwa majike aliyoyapata alikuwamo Ghazieh, wa ukoo wa Saklawi, aliyetoka kwa Ibn Sudan wa kabila la Ruwala.

Mwaka 1854 Abbas Pasha akauawa. Mwanawe Ilhami Pasha naye akafa mwaka 1860, na farasi wakatawanywa. Ali Pasha Sherif, mtu mkubwa wa Misri, akawanunua baadhi yao na kuwalea kwa miaka mingi. Lakini yakaja maradhi ya farasi, yale yanayoenezwa na usubi, ambayo Afrika yetu yayajua sana. Farasi wengi wakafa. Kisha yakaja madeni. Ali Pasha Sherif alipofariki mwaka 1897, kundi lililokuwa fahari ya Misri lilikuwa limebaki dogo.

Hapo ndipo walipoingia Waingereza wawili, Lady Anne Blunt na mumewe Wilfrid Scawen Blunt. Walikuwa wamesafiri mpaka mto wa Furati na mpaka Najd, nao tangu 1878 walikuwa na mazizi yao Crabbet, katika Uingereza. Wakanunua sehemu ya mabaki yale, na ndani yake alikuwamo Bint Helwa. Mama yake ni Helwa, mama wa Helwa ni Horra, na mama wa Horra ni Ghazieh.

Huko Uingereza Bint Helwa akavunjika mguu. Farasi aliyevunjika mguu kwa desturi huuawa, maana hafai tena kazi. Lakini huyu hakuuawa. Alitunzwa, akapona, akazaa tena. Binti yake mwingine, Ghazala, alichukuliwa kwenda Marekani mwaka 1909, na kwake uzazi wa Ghazieh ukaendelea katika nchi ile.

Je, Mabedui walikuwa na haki kumhesabia mama? Wataalamu wa zama zetu wanajua kwamba katika seli za mwili mna visehemu vidogo viitwavyo mitokondria, vyenye vinasaba vyake vyenyewe, na vinasaba hivyo mtoto huvipokea kwa mama. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha pia kwamba farasi wenye jina moja la ukoo si lazima wawe wametoka kwa bibi mmoja. Jina peke yake halitoshi. Yatakiwa maandishi ya kweli, mama kwa mama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala tusidanganyike kwamba uzazi wa mama ndio damu yote. Ukirudi nyuma vizazi kumi, kila farasi ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na bibi yule wa mstari wa mama hushika moja tu. Walakini kila mstari unaokatika hupunguza idadi ya mama wa kale waliobaki, na uliokatika hauungwi tena kwa fedha wala kwa dume aliye bora.

Kwa hiyo watunzaji wa nasaba adimu hawaulizi tu kwamba wajukuu wangapi wamebaki. Huuliza kwamba majike mangapi bado yaweza kuzaa. Nawe uliye na ng'ombe au mbuzi wa mbegu uliyoachiwa na babu yako, kabla hujampeleka mnadani mtamba wa mwisho, jiulize swali hilo hilo.