Rekodi Zilizobatilishwa na Nafasi Yake: Hifadhidata za Tiba Kandokando ya Ziwa Victoria

Historia ya hifadhidata za tiba upande wa Kenya wa Ziwa Victoria haianzii ziwani, bali katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, ambako mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianza kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa katika Microsoft Access. Mwaka 2006 mpango wa afya wa AMPATH, uliotokana na ushirikiano huo huo, ulihamia OpenMRS, mfumo huria unaoweka data zake katika MySQL, na miongoni mwa vituo vya mpango huo vimo Chulaimbo, karibu na Kisumu, na Port Victoria, Busia.

Access iliweka kila kitu katika faili moja lisiloweza kuzidi gigabaiti 2. Rekodi, yaani mstari mmoja wa jedwali, ilipofutwa, faili halikupungua hadi lifinywe, na kulifinya kulidai watumiaji wote watoke kwanza, kwa sababu data zilizobaki zilinakiliwa upya katika faili jingine. Kliniki yenye foleni haipati saa hiyo kwa urahisi.

MySQL, katika injini yake ya InnoDB, hufanya usafi huku kazi zikiendelea. Rekodi inaporekebishwa, sura yake ya zamani huwekwa kando kwa ajili ya miamala, yaani kazi za kusoma au kuandika, iliyoanza kabla ya badiliko. Miamala hiyo ikiisha, mfagizi wa ndani huiondoa sura hiyo. Hata hivyo, nafasi iliyoachwa hutumiwa tena na hifadhidata yenyewe, wala hairudi kwenye diski, na kabla ya toleo la 5.6 la mwaka 2013, mpangilio wa kawaida ulirundika majedwali yote katika faili moja lisilosinyaa kamwe.

Anayetaka kuujaribu usafi huo hujaza jedwali, hurekebisha na kufuta rekodi kwa wingi, hupima mafaili, kisha hurudia mzunguko ule ule: yakikua mara ya kwanza na kutulia ya pili, nafasi inatumika tena. Jaribio hilo ni pungufu iwapo hakuna muamala ulioachwa wazi makusudi, mathalani ripoti ya saa nyingi, kwa kuwa mfagizi hagusi sura ambazo ripoti hiyo bado inaweza kuzisoma.

Lakini sehemu kubwa ya mabaki haimhusu mfagizi hata kidogo. Kipimo cha mgonjwa kinaposahihishwa, OpenMRS huandika rekodi mpya na kuitia ile ya zamani alama ya kubatilishwa, pamoja na aliyeibatilisha na tarehe, uamuzi wa busara kitabibu ambao gharama yake hulipwa na diski, kwani machoni pa MySQL rekodi hiyo ingali hai. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kusambazwa mwaka 2012, ulirithi desturi hiyo, na ripoti inayosahau kuchuja alama hiyo huhesabu kipimo kimoja mara mbili.