Kurunzi ya kichwani: Usihadaiwe na ukubwa wa nambari

UMEME ulipopotea karibu kote nchini usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, Wakenya wengi walifanya kile wanachofanya kila giza linapoingia ghafla: walitafuta mshumaa au wakawasha mwanga wa simu. Mshumaa ukiangushwa huweza kuteketeza nyumba. Simu nayo hushikwa mkononi, na inapoishiwa na chaji mwenyewe hukosa mwanga na mawasiliano kwa pamoja.

Kurunzi ya kichwani, yaani taa ndogo inayofungwa kwenye paji la uso kwa mkanda wa mpira, huondoa adha hizo. Mikono yote miwili husalia huru na mwanga huelekea pale uso unapoelekea. Anayekama ng'ombe kabla ya mapambazuko, anayekaza bomba chini ya sinki, anayepanda darini kutafuta paa linapovuja na anayekwenda kupiga kambi, wote huhitaji chombo hicho kimoja.

Zamani taa za aina hii zilihusishwa zaidi na wachimba migodi, na betri zake zilikuwa nzito. Balbu za LED ndizo zilizobadilisha mambo. Wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliovumbua LED ya mwanga wa buluu iliyowezesha kupatikana kwa LED nyeupe, walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Leo kurunzi nzuri ya kichwani huweza kuwa na uzani usiozidi gramu 100.

Hata hivyo, madukani na vibandani mnunuzi hukabiliwa na vifurushi vyenye nambari za kustaajabisha. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao.

Lumeni ngapi?

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12, ilhali balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takriban 800. Kwa hivyo, kifurushi kinachodai kuwa kurunzi ndogo ya betri tatu za AAA, zile za rimoti ya runinga, hutoa lumeni 10,000 kinadai jambo lisilowezekana. Betri hizo hazina nguvu za kutoa mwanga wa kiasi hicho.

Isitoshe, nyumbani mwanga mwingi ni kero. Ukiinamia karatasi nyeupe au ukuta wa vigae, mwanga hukurudia machoni. Kusoma au kumhudumia mtoto usiku huhitaji lumeni 5 hadi 20 tu. Kupika na kufanya ukarabati huhitaji 50 hadi 100, na kutembea kwenye njia ya mawe au msituni 150 hadi 300.

Basi usiulize tu mwanga wa juu kabisa ni kiasi gani. Uliza pia wa chini kabisa ni kiasi gani, kwani huo ndio utakaoutumia mara nyingi na ndio unaodumisha betri.

Tazama pia umbo la mwanga. Mwanga mpana unaoenea sawasawa hufaa kazi za karibu, na ule mwembamba hufaa kutazama mbali. Kurunzi yenye aina zote mbili ndiyo inayofaa nyumba na kambi.

Saa za kuwaka

Watengenezaji wengi wanaotambulika hufuata kwa hiari kigezo cha ANSI FL1, kilichotolewa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2009. Kwa mujibu wa kigezo hicho, saa za kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uteremke na kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa maneno mengine, kurunzi ya lumeni 300 huhesabiwa kuwa ingali inawaka hata ikiwa imebakisha lumeni 30 hivi. Usidhani kwamba saa 40 zilizoandikwa ni saa 40 za mwanga kamili.

Aidha, umbali unaotajwa ni pale mwanga unapofifia hadi kulingana na ule wa mbalamwezi. Ni vigumu kufanya kazi ya maana katika mwanga huo.

Betri

Betri za AAA hupatikana hata katika maduka ya vijijini. Betri za lithiamu zinazochajiwa kwa kebo ya USB huokoa gharama, lakini umeme ukikatika kwa siku mbili hazina msaada pasipo sola au betri ya akiba ya kuchajia simu. Kurunzi inayokubali aina zote mbili huondoa wasiwasi huo.

Jihadhari na betri ya lithiamu ya umbo la 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Uwezo wake halisi hufika takriban mAh 3,500. Iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya ulaghai. Betri iliyovimba pia isitumiwe wala kuchajiwa.

Rangi na maji

Mwanga mweupe wenye ubuluu hufifisha tofauti za rangi. Tafuta alama ya CRI, ambayo upeo wake ni 100. Kadiri inavyoukaribia upeo huo ndivyo rangi zinavyoonekana kama mchana. Hili ni muhimu kwa anayetenganisha waya wa kahawia na ule wa kijani na manjano, ambaye sharti kwanza azime swichi kuu.

Mwanga mwekundu hauharibu uwezo wa jicho kuona gizani, uwezo ambao huchukua dakika 20 hadi 30 kurejea. Vilevile, hauwavuti kumbikumbi na wadudu wengine kama mweupe.

Kuhusu mvua, alama ya IPX4 humaanisha taa hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. IPX7 huweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa wengi ya kwanza yatosha.

Mlimani na nyumbani

Wanaokwea Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa kawaida huondoka kambini saa nane au tisa za usiku ili wafike jua linapochomoza. Hizo ni saa tatu au nne za giza na baridi kali, na baridi hupunguza nguvu za betri. Weka betri za akiba katika mfuko wa ndani wa koti. Hakikisha pia kuwa swichi inaweza kufungwa, la sivyo taa itawaka ndani ya mkoba na kumaliza betri kabla ya safari.

Nyumbani, itundike mahali pamoja panapojulikana na wote, na uijaribu kila mwezi. Usichanganye betri mpya na kuukuu, na ikiwa haitatumika kwa muda mrefu ondoa zile za AAA zisije zikavuja.

Kabla ya kulipa, ivae dukani, uinamishe kichwa na ubonyeze swichi bila kuitazama. Ikiteleza, ikikubana au ikikataa kuteremka hadi mwanga hafifu, irudishe, hata kama kifurushi kinajigamba kwa maelfu ya lumeni.