Tetemeko la Lisbon na Fundisho Lake

Tarehe 1 Novemba 1755, siku kuu ya Watakatifu Wote, wakristu wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, walijaa makanisani. Saa tatu na nusu ya asubuhi ilipopita kidogo, nchi ikatetemeka kwa dakika kadhaa. Kuta za mawe zikapasuka, matao yakawaangukia waliokuwa wakisali. Wengi wakakimbilia ukingo wa mto Tejo, mahali pa wazi. Bahari ikapanda ikawachukua. Mishumaa ya altare na moto wa majiko ukawasha nyumba, mji ukaungua siku nyingi. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu.

Tuangalie vema: nchi yenyewe haikuwameza watu hao. Walioua ni kuta, maji na moto.

Waziri wa mfalme, aliyeitwa baadaye Marquês de Pombal, aliamuru maiti zizikwe upesi na wenye njaa walishwe. Kisha akapeleka maswali kwa mapadri wa parokia zote: Tetemeko lilidumu muda gani? Bahari ilianza kushuka au kupanda? Nyumba zipi zilianguka? Majibu yao yanawafaa wataalamu hata leo.

Mji ulipojengwa tena, njia zilifanywa pana na nyofu. Ndani ya kuta waliweka kiunzi cha miti iliyopingana kama msalaba wa Mtakatifu Andrea, ili nyumba ikitikiswa ishikamane. Yasimuliwa kwamba askari walipiga miguu kwa nguvu kando ya kiunzi cha mfano, wapate kujua kama kitastahimili. Tena kati ya nyumba na nyumba walisimamisha ukuta wa kuzuia moto.

Jambo hili latuhusu sisi pia tunaokaa karibu na ziwa Kivu. Dominika tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipiga Bukavu na Rusizi, ng'ambo ya Rwanda, na watu walifia kanisani katika sala.

Basi, tunapojenga kanisa, shule au nyumba, tusiwe wachoyo wa simenti na vyuma. Kuta zote zifungwe kwa juu na mkanda mmoja wa zege. Paa liwe jepesi. Milango ya kanisa ifunguke kwa nje. Fundi akisema mkanda hauna kazi, tusimsikilize. Tumwombe Mungu atulinde, nasi tusiwalaze watoto wetu chini ya ukuta mbovu.