Macho Kwenye Meza ya Milio: Tamthilia za Kale za Redio Zinapopandishwa Jukwaani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza desturi ya kuigiza jukwaani, mbele ya hadhira ya leo, tamthilia za redio zilizotungwa Marekani na Uingereza kati ya miaka ya 1920 na 1950. Yanapinga maelezo yaliyozoeleka kwamba maonyesho hayo ni hamu ya mambo ya kale tu. Yanadai kwamba huu ni utanzu mpya, na kwamba unafaulu pale macho ya hadhira yanapopewa kazi ya kutengeneza sauti, huku kisa chenyewe kikiachiwa masikio. Dai hilo linapimwa kwa kazi za Joe Landry, Samuel Beckett na Orson Welles, na kwa onyesho la Milo Rau kuhusu redio ya RTLM ya Rwanda.

1. Utangulizi

Jukwaani pamesimamishwa vipaza sauti vitatu, nyuma yake viti vichache, na kando ipo meza iliyosheheni vikorokoro: vifuu viwili vya nazi, sanduku la changarawe, kabichi nzima, bati jembamba lililoning'inizwa, na mlango mdogo usioelekea popote, wenye fremu, kitasa na komeo lake. Waigizaji wanaingia na karatasi mikononi. Mmoja anasoma kwamba usiku ni wa theluji. Mtu wa mezani anachukua mfuko wa ngozi uliojaa wanga wa mahindi, anauminya kwa vidole polepole, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukifumba macho, kuna mtu anakanyaga theluji. Ukifumbua, kuna mtu anaminya unga. Ajabu ni kwamba hata ukifumbua, ile theluji haiyeyuki.

Kwa nini watu walipe kiingilio kwenda kutazama sanaa iliyobuniwa isionekane? Jibu la haraka ni hamu ya zamani: suti, kofia, nywele zilizolazwa kwa mafuta, tangazo la sabuni linaloimbwa katikati ya kisa. Jibu hilo halitoshi. Kama haja ingekuwa kuyasikia ya kale, kanda zipo. Matangazo ya "The War of the Worlds" ya mwaka 1938 yamehifadhiwa, na mwenye simu anaweza kuyasikiliza akiwa amelala kitandani. Anayeacha kitanda chake na kwenda ukumbini anafuata kitu ambacho kanda haina.

2. Asili isiyokuwa moja

Wanaoyasifu maonyesho haya husema yanaturudisha kwenye asili. Asili ipi? Redio ya Marekani ya miaka ya 1930 haikuwa na namna moja ya kucheza. Jambo moja tu lilikuwa la wote: kwa miaka mingi NBC na CBS zilikataa kurusha michezo iliyorekodiwa, hivyo karibu kila kitu kilichezwa moja kwa moja. Kwa sababu New York na California zinapishana kwa saa tatu, waigizaji wengi walicheza mara mbili usiku uleule, kwanza kwa wasikilizaji wa mashariki, kisha kwa wa magharibi. Neno lililokosewa halikurudishwa mdomoni.

Zaidi ya hapo njia zilitengana. Kipindi cha Lux Radio Theatre, kilichohamia Hollywood mwaka 1936 na kuongozwa na Cecil B. DeMille, kilichezwa mbele ya watu waliojaa ukumbini kuja kuwaona nyota wa sinema. Edgar Bergen naye alivuma redioni kwa kumsemesha mwanasesere wake, Charlie McCarthy. Ustadi wote wa fani hiyo ni kusema bila midomo kucheza, na redioni hakuna anayeiona midomo. Waliokuwa studioni waliiona, na kicheko chao ndicho kilichomhakikishia msikilizaji wa nyumbani kwamba hapo pana jambo la kuchekesha. Kwa upande wa pili, kundi la Mercury Theatre la Orson Welles lilicheza "The War of the Worlds" ndani ya studio isiyokuwa na watazamaji. Kwa hiyo ukumbi unaojaza watu leo kutazama "The War of the Worlds" haurudii asili yoyote. Unafanya jambo ambalo mwaka 1938 halikufanyika.

Mfano ulio wazi zaidi ni "It's a Wonderful Life: A Live Radio Play" ya Joe Landry, ambayo huchezwa sana Marekani majira ya Krismasi. Waigizaji watano wanabeba wahusika kwa makumi ndani ya studio ya New York iitwayo WBFR, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1946. Hapakuwa na studio hiyo, wala mkesha huo. Filamu ya Frank Capra, ambayo tamthilia hiyo inatokana nayo, ilianza kuonyeshwa Desemba 1946, na redioni ilisikika kupitia Lux tarehe 10 Machi 1947, ikiwa na James Stewart na Donna Reed, huko Hollywood. Kinachokumbukwa katika tamthilia ya Landry ni usiku ambao haukuwahi kuwapo, na hadhira haijali. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba watu hawakwenda pale kutafuta historia.

3. Hoja ya giza

Upinzani mzito dhidi ya jukwaa unatoka kwa watunzi wenyewe. Tarehe 15 Januari 1924 BBC ilirusha kutoka London mchezo wa Richard Hughes, "A Comedy of Danger", ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa kwanza kutungwa mahususi kwa redio nchini Uingereza. Wageni wamekwama ndani ya mgodi wa makaa ya mawe na taa zimezimika. Hughes hakuuficha upungufu wa chombo chake. Aliufanya kuwa mazingira ya kisa, hata msikilizaji na mhusika wakawa ndani ya giza moja. Ukiwasha taa za jukwaa, mchezo umekufa.

Samuel Beckett aliishikilia hoja hiyo kwa ukali zaidi. "All That Fall", iliyorushwa na BBC tarehe 13 Januari 1957, inamfuata Maddy Rooney, bibi mzito anayejikokota hadi stesheni kumlaki mumewe kipofu. Beckett aliwakatalia waliotaka kuipandisha jukwaani, akiwamo Ingmar Bergman, kwa msimamo kwamba aliitungia sauti na si miili. Si ukaidi wa bure. Redioni mhusika anayenyamaza hutoweka, na ndani ya tamthilia hiyo Maddy mwenyewe analalamika kwamba kunyamaza kwake kusichukuliwe kuwa hayupo. Maneno hayo yanauma kwa sababu masikioni kweli hayupo. Jukwaani bibi yule amesimama pale pale, kila mtu anamwona, na lalamiko linabaki bila makali.

Hata hivyo, Beckett ana haki juu ya namna moja tu ya kuigiza: ile inayowapa macho picha za kisa. Maonyesho mawili ya baadaye ya tamthilia hiyo yalitafuta namna nyingine. Mwaka 2011 kundi la Pan Pan la Dublin liliwaondoa kabisa waigizaji machoni. Hadhira iliketi kwenye viti vya kubembea chini ya taa na kusikiliza, na kilichoonekana ni wasikilizaji wenyewe. Mwaka 2012 Trevor Nunn aliwasimamisha Eileen Atkins na Michael Gambon katika ukumbi mdogo wa Jermyn Street, London, wakiwa na miswada mikononi na vipaza sauti vikining'inia juu yao.

Mahali pa kuzipima njia hizi ni pale Maddy anaposukumwa na kuinuliwa kuingizwa ndani ya gari la Bwana Slocum. Katika maandishi, tukio zima ni kukoroma, kuhema na kicheko cha bibi anayejua jinsi anavyoonekana. Mwongozaji akileta gari na kumsukuma mwigizaji ndani yake, mwili unamaliza utani kabla sikio halijaanza. Akimwacha amesimama mbele ya kipaza sauti, ameikunja karatasi na kuhema kwa nguvu zake zote, hadhira inaona pumzi ikitengenezwa na inalijenga gari yenyewe.

4. Kazi machoni, kisa masikioni

Hapo ndipo kipimo cha makala haya kinapopatikana. Onyesho la redio jukwaani linafaulu pale macho na masikio yanapopewa vitu viwili tofauti: macho kazi, masikio kisa. Linashindwa pale yote mawili yanapopewa kitu kimoja. Mwigizaji anayevaa joho la mfalme, anayeacha kipaza sauti kwenda kupiga magoti, amerudi kwenye tamthilia ya kawaida, tena iliyo duni kwa kuwa mkononi bado ana karatasi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji jambo hili lielezwe kwa nadharia za mbali. Mtambaji wa ngano akishaitikiwa "Pakawa!" humlia fisi kwa koo lake, na hakuna mtoto aliyewahi kudai aletewe fisi. Anamwona babu anayetamba, anamsikia fisi, na raha iko katika umbali ulio kati ya wawili hao. Wataalamu wetu wa fasihi simulizi wamesisitiza kwamba ngano iko katika utendaji mbele ya hadhira, na haiishii kwenye maneno. Redio ilikata uhusiano huo ikabakiza fisi bila babu. Jukwaa linamrudisha babu. Si sadfa kwamba katika "All That Fall" ya mwaka 1957 mtayarishaji Donald McWhinnie aliamua wanyama walizwe na vinywa vya watu, ingawa Beckett alielekea kupendelea sauti za wanyama halisi. McWhinnie alifahamu kwamba sauti ya mtu anayejifanya kondoo inasema jambo ambalo kondoo hawezi kulisema.

Kuna watakaouliza: je, kuona siri hakuui imani? Mazoea ya ukumbini yanaonyesha kinyume. Kabichi inapochomwa kisu mbele ya macho ya wote, ili isikike kama mtu anachomwa, watu wanacheka, halafu wanashtuka, na mara nyingine vyote viwili kwa pumzi moja. Wanaamini huku wakijua, na hiyo ni imani ya kiwango kingine kuliko ile ya aliyedanganywa.

5. Hadhira inayojua

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu redio ina historia ya kudanganya. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 1938, CBS ilirusha "The War of the Worlds", riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka Mars, kama ilivyogeuzwa na Howard Koch kuwa taarifa za habari za dharura. Frank Readick, aliyecheza mwandishi wa habari Carl Phillips, alijiandaa kwa kusikiliza kanda ya mtangazaji aliyeshuhudia chombo cha angani cha Hindenburg kikiungua Mei 1937. Magazeti yalieleza hofu ya nchi nzima. Mwaka 1940 mtafiti Hadley Cantril alikadiria kwamba waliosikiliza walikuwa milioni 6 na kwamba wasiopungua milioni 1 walishtuka. Watafiti wa baadaye wamesema hofu hiyo ilikuzwa, hasa na magazeti yaliyokuwa yakishindana na redio. Vyovyote iwavyo, nguvu ya tangazo lile ilitegemea kutoonekana.

Basi tazama jinsi kitovu chake kinavyobadilika jukwaani. Phillips yuko Grover's Mill anaeleza moto unavyomjia, na sauti yake inakatwa katikati ya sentensi. Kinafuata kimya. Redioni kimya kile kilikuwa shimo: mitambo imeungua, au mtu amekufa. Jukwaani mwigizaji yupo hai, ameshusha karatasi, hapumui kwa sauti. Mtu wa milio ameinua mikono juu ya meza asiguse kitu. Mwongozaji ameinua kiganja na anahesabu. Watu wote wanafanya kazi kwa bidii ili pasisikike kitu. Aliyeona mara moja jinsi kimya kinavyotengenezwa hatakisikia tena vilevile katika taarifa ya habari.

Milo Rau aliupeleka mpangilio huu mahali pa kutisha zaidi. "Hate Radio", iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2011, inaijenga upya studio ya RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watangazaji wako ndani ya kizimba cha vioo, na hadhira inawasikia kupitia visikilizi. Hii si tamthilia ya redio ya kale, lakini ni kanuni ileile: masikio yanapokea uchochezi, macho yanaona watu kazini, wanataniana, wanachagua muziki, wanatikisa vichwa kufuata mdundo. Kanda peke yake ingetupa chuki. Kioo kinatuonyesha jinsi chuki ilivyokuwa zamu ya kawaida ya kazi.

6. Hitimisho

Tarehe 30 Septemba 1962 CBS ilirusha vipindi vya mwisho vya "Suspense" na "Yours Truly, Johnny Dollar", na wanahistoria wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa enzi ya tamthilia za redio Marekani. Kinachopandishwa jukwaani leo hakiirudishi enzi hiyo. Kinafichua kile ambacho enzi hiyo ilikificha nyuma ya ukuta wa studio, na thamani yake inapimwa kwa ufichuaji huo.

Kipimo hiki kinaweza kutufaa nasi. Waliokulia Tanzania wanaikumbuka michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kama "Pwagu na Pwaguzi", au "Twende na Wakati" iliyoanza mwaka 1993. Siku kundi la sanaa litakapotaka kuipandisha jukwaani, kishawishi cha kwanza kitakuwa kuwashonea wahusika mavazi na kuwachorea kijiji. Fedha hizo zingefaa zaidi kununulia vipaza sauti vizuri, na kumlipa mtu wa kukaa mezani na sufuria, ndoo ya maji na mlango mdogo, akiwa ameielekea hadhira uso kwa uso.