Mgeni, Mpagazi na Dalali: Usafiri wa Kukodi katika Njia ya Tabora

Mgeni katika nchi asiyoijua ana haja tatu zisizongoja: mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumfikisha aendako. Haja mbili za kwanza aghalabu hukidhiwa na ukarimu wa wenyeji, na lugha yetu haina upungufu wa methali za kuusifu ukarimu huo. Haja ya tatu ni ya namna nyingine. Kumpa mgeni kitanda hakumwondoi mwenyeji nyumbani kwake. Lakini kumchukua mgeni pamoja na mzigo wake ni kazi, na kazi ina ujira, na ujira una mapatano. Hapo ndipo taabu ya mgeni ianziapo. Apatane na nani? Kwa bei gani? Tena atajuaje kwamba aliyepatana naye atamfikisha?

Siku hizi maswali hayo hujibiwa kwa simu. Mgeni ateremkapo Dar es Salaam, Nairobi au London huandika mahali aendapo, akaona bei, jina la dereva, nambari ya gari na nyota ambazo dereva huyo ametunukiwa na abiria waliotangulia. Wazee walituonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Leo msafiri hatoki mlangoni kabla ya kuitazama. Watu wengi huhesabu jambo hili kuwa jipya kabisa. Chombo ni kipya, hilo halina ubishi; lakini mapatano yaliyomo ndani yake, baina ya mgeni, mchukuzi na mtu wa kati, yana umri mkubwa. Hapa kwetu hapana mahali panapofaa kuyachunguza kuliko njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora na kutoka Tabora hata Ujiji. Insha hii yataka kuonyesha kwamba njia ile haikusimama kwa fedha ya mgeni peke yake wala kwa werevu wa dalali, bali kwa desturi za wapagazi wenyewe. Na kwamba desturi hizo zilipovunjwa, kazi iliyokuwa fahari ya kijana iligeuka kuwa adhabu.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini safari ile ilihitaji mabega ya watu. Katika sehemu kubwa za njia palikuwa na mbung'o, ambao huua punda, farasi na ng'ombe; wala hapakuwa na mto wa kupitisha vyombo kutoka pwani mpaka Unyamwezi. Kwa hiyo pembe za ndovu zilizoshuka, na nguo za merekani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zilizopanda, vyote vilisafiri juu ya mabega na vichwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Mwendo wa Bagamoyo hata Tabora ulichukua miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi.

Walioijua kazi hiyo kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Nao hawakufundishwa na wageni. Kabla Waarabu hawajajenga nyumba zao za tembe katika Unyanyembe, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kushusha pembe zao pwani kwa miguu yao na kwa faida yao. Kwenda pwani na kurudi kulikuwa sehemu ya kukua kwa kijana. Basi mgeni aliyekuja kukodi mpagazi aliingia katika njia iliyokwisha kuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa na kanuni zao. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na bendera, amevaa mavazi ya kumtambulisha, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Nyuma yake walifuata wapagazi katika makundi yao, kila kundi likila chungu kimoja. Posho ilikuwa haki, si hisani: kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, au nguo ya kununulia chakula. Ukubwa wa mzigo, siku za kupumzika na mahali pa kupiga kambi vilikuwa mambo yenye kujulikana. Ilikuwa vigumu mno kuwapata watu wakati wa mvua, kwa sababu mpagazi alikuwa pia mkulima, na shamba lake halikumngojea mgeni.

Kanuni hizo zililindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuweka mizigo chini kwa pamoja, na kuketi mpaka neno limalizike. Ya pili ilikuwa kuondoka. Wageni waliiita ya kwanza uasi, na ya pili wakaiita utoro. Na kwa kuwa wageni ndio walioandika vitabu, majina hayo yamedumu. Sisi wanafunzi wa historia yatupasa kuyatazama tena majina hayo kabla ya kuyarithi.

Tuchukue mfano wa Tabora penyewe. Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo, mahali Burton alipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Waarabu wa mji waliwapokea kwa heshima, na Snay bin Amir akawa mwenyeji wao mkuu. Kitanda kilipatikana, chakula kilipatikana, wapagazi hawakupatikana. Wale waliotoka nao pwani walitua mizigo, wakatawanyika, na Burton alikaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuweza kuondoka kuelekea Ujiji. Kitabu chake cha mwaka 1860, The Lake Regions of Central Africa, kimejaa malalamiko juu ya wachukuzi. Mtu akikisoma upesi ataona watu wavivu wasioaminika. Akikisoma taratibu ataona jambo jepesi zaidi: watu wale walikuwa wamefika kwao. Mapatano yao yalikuwa ya kumfikisha Unyanyembe, na Unyanyembe walimfikisha. Kwa mgeni, Tabora ilikuwa kituo cha katikati ya safari. Kwa mpagazi, ilikuwa nyumbani. Ugomvi mwingi wa njiani ulitokana na tofauti hiyo ya ramani mbili, moja iliyoandikwa na nyingine iliyokuwa moyoni.

Baina ya ramani hizo mbili ndipo alipopata nafasi dalali. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, alikaa Bagamoyo takriban wiki sita akikusanya watu. Hakuijua nchi, hakuijua lugha, hakuujua ujira wa haki. Alimtegemea kijana wa Kihindi ambaye katika kitabu chake anamwita Soor Hadji Palloo, na wanahistoria humtambua kuwa Sewa Haji Paroo. Stanley alimlalamikia kwa maneno makali sana, juu ya hesabu na juu ya kucheleweshwa. Upande wa pili wa kesi hiyo hatuusikii katika kitabu. Lakini twajua kwamba kijana yule alikuja kuwa mkusanyaji mkubwa wa wapagazi wa Bagamoyo, akawahudumia wafanyabiashara, wamisionari na serikali ya Wadachi, mpaka alipofariki mwaka 1897. Mali yake ilijenga shule na hospitali, na jina lake limebaki katika historia ya hospitali za Dar es Salaam.

Dalali huyu aliuza nini? Hakuuza mabega, maana mabega hayakuwa yake. Aliuza kujua. Alijua nani yu tayari kusafiri, ujira gani utakubaliwa, na nguo ya namna gani yapendwa katika nchi ipi. Mgeni alinunua ujuzi huo kwa sababu hakuwa na wakati wa kuupata mwenyewe. Hapana dhambi katika biashara hiyo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba fungu la dalali lilitoka mahali fulani: ama katika mfuko wa mgeni, ama katika ujira wa mchukuzi. Tena katika miji ya pwani walikuwapo wachukuzi waliokuwa watumwa, waliokodishwa na kutakiwa kumpelekea bwana wao sehemu ya ujira walioutolea jasho. Hao hawakuwa na hiari ya Mnyamwezi, na kuwasahau ni kuipamba njia kuliko ilivyostahili.

Kwamba dalali na mdhamini hawatoshi, Livingstone alijifunza kwa uchungu. Alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, akiwa amechoka na mgonjwa, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja zimekwisha kuuzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuzifikisha. Mzigo ulikuwa na barua, ulikuwa na mwenye dhamana, ulikuwa na ubalozi nyuma yake. Haukuwa na mtu mwaminifu. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa kinyume. Livingstone alingoja Kwihara, karibu na Tabora, tangu Stanley alipoagana naye mwezi wa Machi mpaka mwezi wa Agosti 1872, ndipo wakafika watu 57 ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Mgeni mmoja alikuwa amemchagulia mgeni mwenzake, kwa kuwajua watu na sifa zao. Hii ndiyo nyota ya zamani: sifa iliyotoka mdomoni kwa mtu anayejulikana.

Nini ilikuwa thamani ya watu hao, ilionekana baada ya kifo cha Livingstone mwaka 1873, huko Chitambo katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Aliyewakodi alikuwa amekufa. Mapatano yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na askari wa kuwalazimisha wala dalali wa kuwadai. Wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakaufunga kama mzigo, wakauchukua kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walipita Tabora, wakamkuta Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Pwani walilipwa ujira wao, wakaachwa waende zao. Mwili ulizikwa Westminster Abbey mwezi wa Aprili. Wale wanaoandika kwamba mpagazi alikuwa mtoro kwa tabia yake na waueleze mwendo huo. Mtu huyo huyo aliyeondoka alipodhulumiwa ndiye aliyebaki pasipokuwa na mtu wa kumzuia kuondoka. Hiari yake ya kukataa na uaminifu wake vilikuwa na mzizi mmoja.

Mzizi huo ulikatwa taratibu. Wadachi waliweka ngome Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga mpaka akafa katika boma lake mwezi wa Januari 1893. Kodi ya kibanda ya mwaka 1897 iliwafanya wengi watafute fedha, si kwa majira waliyoyapenda wao, bali kwa majira ya mtoza kodi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya miguu ikapoteza kazi yake kubwa. Kisha vikaja vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Majeshi ya pande zote yalihitaji mabega tena, na safari hii hapakuwa na mapatano. Watu kwa mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na makumi ya maelfu hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza. Watu wanunuapo mchele na vitambaa hapo hawakumbuki sana kwamba wanatamka jina la wapagazi wasiokuwa na haki ya kutua mzigo. Mzigo ulikuwa ule ule, mabega yale yale, njia pengine ile ile. Kilichopungua ni neno moja: hapana.

Turudi sasa kwenye simu ya mgeni. Kampuni ya Uber ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, na nyingine zikafuata. Hazikuleta mabega, mara nyingi hata magari si yao. Zilileta kujua, kama dalali wa Bagamoyo: nani yu karibu, nani yu tayari, bei ni kiasi gani. Mgeni amenufaika sana, wala si haki kulikana hilo. Asiyejua mtaa wala lugha hahitaji tena kubishana usiku mbele ya kituo. Lakini swali la fungu limebaki. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilipunguza sehemu ambayo kampuni zingeruhusiwa kukata katika nauli hata asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwaka huo huo, kisha kiwango kikapandishwa na huduma zikarejea mwaka 2023. Nairobi nako madereva wamegoma zaidi ya mara moja kwa ajili ya nauli na makato. Anayejua habari za njia ya Tabora hatashangaa. Hiyo ni mizigo iliyowekwa chini.

Tofauti moja, hata hivyo, ni kubwa. Mpagazi wa Unyamwezi aliposhusha mzigo, mgeni alikuwa mbele yake. Waliketi, wakasemezana mpaka usiku, na aghalabu waliafikiana, kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwenziwe ili afike. Dereva wa leo akizima simu, anayemwambia hayupo. Mgeni ataitiwa gari jingine, wala hatajua kwamba palikuwa na neno. Na nyota zinapohesabiwa, uamuzi wa mgeni wa dakika kumi waweza kumnyima dereva kazi, na nafasi ya kujibu ni finyu. Stanley alimhukumu mpagazi kitabuni, baada ya safari kwisha. Abiria humhukumu dereva kabla hajafunga mlango.

Hapana anayetaka kurudisha frasila mbili juu ya bega la mtu. Historia haisomwi kwa ajili ya kutamani yaliyopita, bali kwa ajili ya kujua la kuuliza. Njia ya Tabora yatufundisha kuuliza hivi, kila chombo kipya cha kumchukua mgeni kinapokuja: anayechukua anaweza kukataa, na akikataa atasikiwa na nani? Mgeni mwenyewe ana maslahi katika jibu hilo. Katika nchi asiyoijua, ulinzi wake wa kweli haukuwa karatasi ya dalali wala barua ya balozi. Ulikuwa ni mtu huru aliyekubali kumchukua.