Kutoka Lango la Kiwanda hadi Kaunta ya Duka: Kodi ya Mauzo na Mjenzi wa Wazo, 1969–2025

Insha hii inachunguza mabadiliko ya sheria za kodi ya mauzo Tanzania Bara kwa kuitazama saruji, bidhaa inayozalishwa katika kilima cha Wazo, wilayani Kinondoni, tangu mwaka 1966. Hoja kuu ni kwamba, licha ya kusogea hadi kaunta ya duka, kodi imerejea kwa sehemu katika lango la kiwanda, na mzigo wake humlemea zaidi anayejijengea nyumba.

Kodi ya mauzo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1969, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya mwaka 1976. Ilikuwa kodi ya hatua moja, iliyotozwa kwa mzalishaji au mwingizaji wa bidhaa. Serikali ilihitaji kukagua vitabu vya wachache tu.

Tarehe 1 Julai 1998, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa kwa asilimia 20, kisha ikashushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Kila muuzaji aliyesajiliwa akawa mkusanyaji wa kodi, na kuanzia mwaka 2010 mashine za kielektroniki za risiti zikaingia madukani. Sheria mpya ya mwaka 2014 ilianza kutumika Julai 2015.

Mwaka 2023 ulikuwa wa mgeuko. Mwezi Mei wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia utozaji kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha kiwango cha mauzo kinacholazimu usajili kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Aidha, iliweka ushuru wa shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Muuzaji mdogo akapunguziwa wajibu, kiwanda kikaongezewa.

Tuchukue mfano wa mfuko wenye thamani ya shilingi 10,000 kabla ya kodi. Ushuru unaifikisha thamani hiyo 11,000, na asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla hiyo, yaani 1,980. Hivyo basi, ushuru wa 1,000 humgharimu mnunuzi 1,180. Mkandarasi aliyesajiliwa anaweza kudai marejesho ya ile 1,980. Mjenzi wa chumba kimoja kimoja hana pa kudai.

Mwaka 2025 kiwango kilishushwa hadi asilimia 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa benki au mtandao kwa muuzaji aliyesajiliwa. Katika mfano wetu, nafuu ni shilingi 220. Hata hivyo, anayenunua kwa fedha taslimu katika duka dogo la mtaani haipati moja kwa moja. Anategemea hiari ya mwenye duka.

Kwa hiyo, historia ya kodi hii haielezwi na viwango pekee. Swali la msingi ni nani mwenye haki ya kurejeshewa, na nani huishia kulipa.