Watoro wa Rabai

Wageni ninaowatembeza Kisauni hupenda kupigwa picha kwenye kengele ya Frere Town. Siwalaumu, hadithi yake ni tamu: manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), wakiongozwa na W. S. Price, wakaanzisha makazi ya waliookolewa, wakawapa viwanja na shule. Mimi huwaambia twende mpaka Rabai, walikokimbilia watumwa watoro.

Waliofika Frere Town waliletwa na serikali. Mtoro je? Huyo alikuwa amekimbia shamba la mtu wa Mombasa au Malindi, na kwa sheria ya wakati ule alikuwa mali ya mtu. Hana ukoo, hana shamba, na usiku wa kwanza hana pa kulala. Konsuli wa Uingereza alionya asifichwe, na wakubwa wa misheni wakakubali. Hofu yao haikuwa ya bure: mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuivamia Frere Town.

Katika kituo cha misheni cha Rabai alikuwako William Jones. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa India, kisha mwaka 1864 akarudi pwani kufundisha. Chini ya ulezi wake watoro walizidi kumiminika. Walijenga vibanda, wakalima, wakafundishwa dini pamoja na wengine. Bara zaidi, Fuladoyo, Mgiriama Mkristo aitwaye David Koi alikuwa na kijiji kilichowapokea watoro bila Mzungu wala manowari ya kumlinda. Mwaka 1883 aliuawa kwa ajili hiyo. Sijaona mgeni hata mmoja aliyefika akiuliza habari zake, na hilo hunikera kuliko ninavyopaswa kusema.

Mimi ni mzee wa kanisa, na hata leo wapo wasio na pa kulala. Katika vikao vyetu, habari ya vijana wanaolala barazani huanza kwa kuuliza wametoka wapi na nani anawajua. Mpaka tumalize kuuliza, askari keshawafukuza. Jones naye alijua watu wake wametoka wapi. Alikuwa ametoka huko huko.

Price, aliyekuwa ameondoka pwani, aliporudi mwaka 1888, wenye watumwa walikuwa wakidai watu wao, na watoro katika vituo vya misheni walipohesabiwa, walizidi 1,400. Kuwarudisha kungekuwa aibu, kuwaacha kungeleta vita. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akakata shauri wakombolewe wote kwa fedha. Kampuni ilitoa, serikali ya Uingereza ikatoa, na marafiki wa misheni wakachanga. Tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru viligawiwa Rabai.

Fidia ililipwa kwa mabwana. Aliyelima bure miaka kumi akapewa cheti.